Shahada ya Muuguzi Isiwe Tiketi ya Kuikimbia Wodi

Upo ugonjwa mmoja katika utumishi wa afya nchini ambao haumo katika vitabu vya tiba. Kadiri muuguzi anavyozidi kusoma, ndivyo anavyozidi kuwa mbali na mgonjwa. Mwenye cheti hukesha kando ya kitanda. Mwenye stashahada humsimamia mwenye cheti. Mwenye shahada ya kwanza hushika ofisi, daftari la zamu na funguo za kabati. Na yule mwenye shahada ya pili, ambaye Taifa limemgharamia kuliko wenzake wote, ni bahati kumkuta amemshika mgonjwa mkono. Yuko chuoni akifundisha, au yuko wizarani, au yuko katika mradi wa wafadhili wenye gari jeupe na posho za semina.

Walimu hawatashangaa kusikia hayo, kwa sababu nao wanaujua ugonjwa huo. Mwalimu hodari wa darasa la kwanza hupandishwa cheo, kisha hupandishwa tena, mpaka darasa la kwanza lisimwone kamwe. Lakini yafaa ieleweke kwamba kasoro ambayo mahali pengine ni hasara ya fedha tu, katika mikoa ya Shinyanga na Geita ni hasara ya watu.

Hesabu ni hizi. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta mkoa wa Geita, uliozaliwa mwaka huo huo, una watu 1,739,530. Sensa ya mwaka 2022 ikawakuta watu 2,977,608. Shinyanga katika muda huo ilitoka watu 1,534,808 ikafika 2,241,299. Hapana utumishi wa afya uliopangwa kwa hesabu ya kwanza unaoweza kuihudumia hesabu ya pili. Na wengi wa watu hao waliongezeka kwa kuifuata dhahabu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza kuzalisha mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009 kisha ukafungwa mwaka 2021. Hata hivyo umati hauko ndani ya uzio wa migodi hiyo, wenye kofia ngumu na kliniki ya kampuni. Umati uko katika maduara ya wachimbaji wadogo, Rwamagasa, Nyarugusu, Mgusu na kwingineko, nao huhama usiku mmoja kila inapotangazwa rashi mpya.

Mtu huyo akiugua huenda zahanati. Ni haki kusema kwamba zahanati ipo. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi ulipoanza mwaka 2007, ukiazimia zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata, wananchi wamebeba mawe na mchanga, na Serikali imeezeka. Lakini jengo halitibu mtu. Anayezijua zahanati za pembezoni anajua kinachotokea humo: tabibu ameitwa semina, au amefuata dawa wilayani, au hajaletwa tangu aliyekuwapo ahame. Amebaki muuguzi mmoja ambaye ni mkunga, ni mtoa dawa, ni karani, na saa nane za usiku ndiye mganga. Anapima, anaandika dawa, anashona jeraha, anaamua ni nani atapakiwa kwenye pikipiki kupelekwa hospitali na ni nani atasubiri kupambazuke. Akipatia, hapana anayeandika. Akikosea, ataulizwa ni nani aliyemruhusu.

Kwa hiyo wanaobishana kama muuguzi atibu au asitibu wanabishana juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa na hali ya nchi. Muuguzi anatibu. Swali lililobaki ni moja tu: je, atatibu akiwa amefundishwa na kulindwa na sheria, au ataendelea kutibu kwa kubahatisha, huku mwenzake aliyefundishwa akiandika ripoti Dar es Salaam?

Taifa hili si geni kwa swali hilo. Nchi ilipojitawala mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12. Viongozi wa wakati ule hawakukaa chini kulia. Kuanzia mwaka 1963 waliwachukua watumishi waliokwisha kufanya kazi, wakawaongezea elimu, wakawaita waganga wasaidizi, na wakawapa kisu cha operesheni. Walikuwapo waliocheka. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2009, ulioangalia operesheni kubwa za uzazi katika hospitali za Mwanza na Kigoma, wakati ambapo Geita ilikuwa bado wilaya ya Mwanza, ulikuta kwamba nyingi kabisa ya operesheni hizo zilifanywa na waganga wasaidizi, na kwamba hapakuwa na tofauti ya maana kati ya matokeo yao na matokeo ya madaktari. Maelfu ya wananchi wa Kanda ya Ziwa walio hai leo walitolewa tumboni na mikono hiyo.

Mafunzo ya kada hiyo yakasitishwa katika muongo uliopita. Mtumishi wa kijijini anayetaka kupanda akaambiwa akaanze udaktari upya. Pengine waliofanya hivyo walikuwa na sababu zao. Lakini ni wajibu kuuliza ni daktari gani aliyepelekwa Nyang'hwale kuchukua nafasi ya yule aliyeondolewa.

Hapa ndipo hoja ya muuguzi msomi inapoingia, na haikuvumbuliwa jana. Mwaka 1965, huko Colorado nchini Marekani, muuguzi Loretta Ford na daktari Henry Silver walianza kuwafundisha wauguzi kuwatibu watoto, hasa wa familia maskini na za mashambani zilizokosa daktari. Kelele zilipigwa, na nyingi zilitoka kwa wauguzi wenyewe waliodhani kazi yao inaibwa. Leo wauguzi wa namna hiyo katika nchi ile ni mamia ya maelfu. Wala isidhaniwe kwamba haya ni mambo ya matajiri tu. Botswana, nchi ya Kiafrika iliyokuwa na upungufu wa madaktari kama wa hapa, ilianza mwaka 1981 kuwafundisha wauguzi wake kutibu familia nzima katika kliniki za vijijini. Tanzania imekuwa ikitoa shahada ya kwanza ya uuguzi Muhimbili tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na sasa vyuo vikuu kadhaa vinatoa ya pili. Wasomi wapo. Kinachokosekana ni mamlaka yao ya kutibu na wajibu wao wa kukaa na mgonjwa.

Lakini tahadhari inahitajika, kwa sababu kasumba ya kuiga haijafa. Katika vyuo vya Marekani mwanafunzi wa shahada ya pili huchagua kundi la wagonjwa atakaowahudumia: familia, watoto, watoto wachanga, wanawake, watu wazima na wazee, au wagonjwa wa akili. Ni utaratibu wa busara, kwani hapana mtu mmoja awezaye kujua yote. Ubaya utakuja siku mtaalamu wa Tanzania atakapoinakili orodha hiyo kama ilivyo, akaipigia chapa na kuiita mtaala. Orodha ile iliandikwa na watu waliowatazama wagonjwa wao. Mgonjwa wa ukanda wa dhahabu hayumo.

Na atazamwe huyo mchimbaji wa duara. Anashuka mita nyingi kwa kamba, anapasua mwamba, anavuta vumbi. Baada ya miaka michache anakohoa, anakonda, na anaandikiwa dawa za kifua kikuu. Pengine anacho kweli, kwa sababu mapafu yaliyoharibiwa na vumbi la mawe humfungulia mlango kifua kikuu. Pengine hana, na anamaliza dozi moja, anaanza ya pili, na hapana aliyemwuliza anafanya kazi gani. Swali hilo moja, "unafanya kazi gani, na tangu lini?", halihitaji mashine ya mamilioni. Linahitaji mtu aliyefundishwa kwamba ni swali la tiba.

Mwenzake ni yule anayechoma dhahabu. Huchanganya unga wa mawe na zebaki, kisha huuchoma mchanganyiko huo juu ya moto, mara nyingi uani pa nyumba, watoto wakiwa karibu. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu ya kumtisha mtu. Baadaye mikono huanza kutetemeka, usingizi hupotea, fizi huvimba, kumbukumbu hupungua, na mtu aliyekuwa mpole huwa mwenye hasira zisizo na sababu. Majirani husema amelewa. Wengine husema amerogwa, na hapo huanza safari ya kwa mganga wa jadi, na baada yake huanza kutafutwa aliyeroga. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliwapima watu wa Rwamagasa mwanzoni mwa karne hii, wakawakuta wachomaji wenye sumu hiyo mwilini. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020. Haya ni mema. Ila mkataba hauwezi kuitazama mikono ya mtu inayotetemeka akiwa amekaa kwenye benchi la zahanati.

Wapo pia akina mama wanaoponda mawe karibu na makarasha, wenye watoto mgongoni, wakivuta vumbi lile lile pamoja na watoto wao. Je, katika orodha ya Wamarekani mama huyo ni wa muuguzi wa wanawake, au mtoto wake wa muuguzi wa watoto, au wote wawili ni wa muuguzi wa magonjwa ya kazini? Mjini yote matatu yanaweza kuwa milango mitatu ya jengo moja. Nyarugusu lazima yawe kichwa cha mtu mmoja.

Lakini kundi linaloshtaki kuliko yote ni la bibi vikongwe. Aibu ya kuuawa kwa vikongwe wa Usukuma kwa tuhuma za uchawi ni ya miaka mingi, na mara nyingi ushahidi wa wauaji umekuwa ni macho mekundu. Ni nani asiyejua macho hayo yalikotoka? Miti ya Shinyanga ilifyekwa enzi za ukoloni ili kuangamiza mbung'o, ikafyekwa tena kwa ajili ya pamba, hata mkoa ukafanana na jangwa. Na bibi aliyekosa kuni akapikia mavi makavu ya ng'ombe maisha yake yote, katika jiko lisilo na dirisha. Moshi ndio uliompaka rangi ya uchawi. Katika miaka ya 1970 dola ilijaribu kuyakomesha mauaji kwa mkono wa chuma katika Mwanza na Shinyanga. Watuhumiwa wakafa mikononi mwa vyombo vya dola, na mwaka 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu kwa kuwajibika kwa makosa ambayo hakuyatenda yeye. Ulikuwa mfano wa uongozi ambao hautasahaulika. Miti nayo imeanza kurudi, kwa juhudi za mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 na kwa ngitili za Wasukuma wenyewe. Lakini hata leo bibi mwenye macho mekundu anahitaji mtu wa tatu, ambaye si polisi wala bwana miti. Anahitaji muuguzi wa wazee aliyesoma vya kutosha kuyatibu macho hayo, na mwenye hadhi ya kutosha kusimama katika mkutano wa kijiji na kutamka, mbele ya vijana wote, kwamba huu ni moshi. Neno la namna hiyo likitoka kwa muuguzi anayeheshimiwa laweza kuokoa maisha kuliko chupa nzima ya dawa.

Ndugu wenye ulemavu wa ngozi nao wana historia yao katika mikoa hii, na kituo cha Buhangija mjini Shinyanga ni shahidi. Waliokolewa na panga. Hawajaokolewa na jua, ambalo huwaletea saratani ya ngozi kabla ya umri. Kidonda kidogo kinachoonekana mapema hukatwa na kwisha. Ni nani anayepaswa kukiona mapema? Si bingwa wa Moshi.

Sasa zitazamwe hoja za wapinzani. Ya kwanza hutoka kwa baadhi ya madaktari, nayo huvaa joho la kumhurumia mgonjwa: eti muuguzi akiruhusiwa kutibu, wananchi watakufa. Hoja hii ingekuwa na uzito kama ingetolewa na mtu aliyehamia Bukombe. Kwa kawaida hutolewa na mtu ambaye mgonjwa wa Bukombe hamhusu, anayelinda mpaka wa taaluma kama mwenye shamba anayelinda shamba asilolima. Utafiti wa mwaka 2009 umekwisha kumjibu. Hata Wizara ya Afya yenyewe imekubali kwamba majukumu yagawanywe, na wauguzi waliofundishwa wanawaanzishia wagonjwa dawa za kufubaza Virusi vya Ukimwi. Ikiwa muuguzi anaaminiwa kwa dawa ya maisha yote, kwa nini asiaminiwe kwa kifua cha mchimbaji?

Ya pili husema kwamba haya yote hayahitajiki tena, kwa kuwa Serikali inawafikisha mabingwa vijijini na kuwafikisha wagonjwa kwa mabingwa. Ni kweli kwamba mwaka 2024 madaktari bingwa walipelekwa katika hospitali za halmashauri nchi nzima, na waliotibiwa wanalikumbuka jambo hilo kwa shukrani. Ni kweli pia kwamba Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa ile adha ya mgonjwa kusubiri kivuko ndipo afike Bugando. Kazi hizo zisibezwe. Lakini bingwa alikaa siku chache akaondoka, na daraja linaanzia ziwani, halianzii mlangoni pa mgonjwa. Vifo vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000 vilishuka kutoka 556 katika takwimu za mwaka 2015-16 hadi 104 katika zile za mwaka 2022. Haijulikani kazi hiyo ingefanywaje bila mkunga anayelala kijijini.

Ya tatu ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu haisemwi hadharani. Hutoka kwa baadhi ya wauguzi wasomi. Wanaitaka shahada, wanautaka mshahara wa shahada, wanalitaka jina; lakini wakiambiwa kwamba shahada hiyo maana yake ni kurudi Msalala kutibu, wanauliza kama hakuna nafasi ya ukufunzi. Si haki kuwalaumu peke yao. Muundo wa utumishi ndio uliowafundisha hivyo, kwani umeweka ngazi zote za kupandia nje ya wodi. Anayebaki na mgonjwa habaki na kitu.

Dawa ya ugonjwa huu ilikwisha kuandikwa, na haikuandikwa mbali. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, upande wa pili wa ziwa hili hili, ikaamua kwamba kijana asiingie Chuo Kikuu moja kwa moja kutoka shule, bali kwanza afanye kazi, na wenzake kazini waseme kama anafaa. Azimio hilo halikudumu, na wapo waliofurahi lilipolegezwa. Lakini kwa shahada ya muuguzi wa kutibu halina mbadala. Achukuliwe aliyefanya kazi zahanati kwa miaka mitano, ambaye serikali ya kijiji na watumishi wenzake wanamkubali, hata kama alama zake za kidato cha sita hazing'ari. Asome Bugando, ambako chuo kikuu cha tiba kipo tangu 2003, na sehemu kubwa ya mazoezi ayafanye Kolandoto, Mwadui, Chato na katika zahanati za machimboni, si katika wodi za Dar es Salaam ambako mchimbaji hayupo. Kundi la wagonjwa atakalolichagua lichaguliwe kwa kutazama daftari la wagonjwa wa wilaya yake. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 irekebishwe ili kazi yake iwe na jina na mipaka, na Utumishi umwekee ngazi ya mshahara inayopanda akiwa anatibu na inayosimama akiiacha wodi.

Fedha zipo. Tangu sheria ya madini ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2017, kampuni za uchimbaji zinalazimika kila mwaka kuandaa mpango wa kuwanufaisha wananchi wanaozunguka mgodi na kukubaliana juu yake na halmashauri. Mabilioni yamepita humo, na mengi yamekuwa matofali, kwa sababu tofali huonekana siku ya uzinduzi. Madiwani wa Geita, Msalala na Kishapu wana kura katika jambo hili. Kikao kijacho cha mpango wa mwaka kiweke fungu la kusomesha wauguzi 20 tu wa kuanzia, waliotajwa kwa majina na vijiji vyao, na muda watakaosoma utumike kuwajengea nyumba karibu na zahanati walizotoka. Watakaporudi wazikute zimekwisha kuezekwa, zina maji, na funguo ziko kwa mtendaji wa kijiji.